Mwongozo wa uanagenzi wa ukerezaji wa vyuma kwa vijana wa Kigoma na Tabora

Mwongozo huu unamhusu kijana anayetaka kuwa fundi mkerezaji wa vyuma, yaani yule anayekichukua kipande cha chuma kisicho na umbo na kukitoa kwenye mashine kikiwa shafti, bushi, puli au bolti yenye vipimo kamili. Nimeuandika nikiwa Kigoma, mahali ambapo kazi hii haijawahi kuwa ya anasa. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa hapa kwa reli na kuunganishwa upya, kisha ikashushwa majini mwezi wa Februari 1915. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Meli iliyo umbali wa zaidi ya kilometa 1,200 za reli kutoka bandari ya Dar es Salaam haiwezi kungoja kila bushi iletwe kutoka ng'ambo. Hali ni ile ile kwa boti za Kibirizi, kwa mashine za kukamua mawese, kwa pampu za maji ya chumvi Uvinza, na kwa vinu vya mpunga na mahindi vya Tabora: kipuri kikivunjika, ama mtu akichonge hapa hapa, ama kazi isimame.

Hatua ya kwanza: itazame kazi kabla ya kuiomba

Kabla ya kupeleka barua popote, omba ruhusa ya kukaa siku mbili au tatu ndani ya karakana, ukiwa mtazamaji tu. Utaona kwamba mkerezaji husimama mchana kutwa, hurudia kipimo kile kile mara nyingi kuliko anavyokata chuma, na hutumia hesabu kila saa. Hesabu zenyewe si ngumu: desimali, sehemu, kuzidisha na kugawanya, na pembe kidogo. Lakini asiyezipenda atateseka. Ikiwa ulimaliza shule ukiwa na udhaifu katika desimali, tumia mwezi mmoja kuzirudia, kwa sababu tofauti ya 25.02 na 25.20 ndiyo tofauti ya shafti nzima na chuma chakavu.

Hatua ya pili: chagua njia ya kuingilia

Njia ni tatu, na zinaweza kuunganishwa. Ya kwanza ni chuo cha ufundi stadi chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, yenye vyuo Kigoma na Tabora. Si kila chuo kina fani ya ukerezaji na ufundi mitambo, kwa hiyo fika chuoni mwenyewe, uliza kama fani hiyo ipo na kama mashine zake zinafanya kazi, kisha uombe kuziona. Ya pili ni uanagenzi ndani ya kampuni, ambapo muda wako mwingi unaupitisha kiwandani chini ya fundi na sehemu nyingine chuoni. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa kuwa chuo hukupa sababu za mambo na kiwanda hukupa mkono. Ya tatu ni kujifunza kwa fundi mtaani bila chuo. Wapo mafundi hodari waliopitia njia hiyo, na VETA huwa na utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti akifaulu. Uulizie utaratibu huo mapema, ili ujue utapimwa katika mambo gani na ujifunze ukiyajua.

Hatua ya tatu: ichunguze karakana na mkataba wake

Unapokwenda kuomba nafasi, wewe pia unachagua. Salimia kwa heshima, jitambulishe kwa fundi mkuu, kisha tazama mambo machache. Je, vifaa vya kupimia vimehifadhiwa kwenye masanduku yake, au vimelazwa juu ya tupa na nyundo? Maikromita iliyotupwa katikati ya spana inakueleza juu ya karakana hiyo kuliko maneno yote ya mwenye nayo. Je, mikanda na gia zina vifuniko? Na wanagenzi waliokutangulia, wanashika mashine au wanashika ufagio tu? Kufagia ni sehemu ya kazi na hakuna aibu ndani yake. Hata hivyo, mwanagenzi ambaye baada ya mwaka mzima hajakereza hata bushi moja hafundishwi, anatumikishwa.

Omba makubaliano ya maandishi. Yaeleze muda wa mafunzo, fundi atakayekusimamia, hatua utakazopitia na takriban miezi ya kila hatua, posho na siku ya kulipwa, vifaa vya kujikinga na nani anavinunua, na nini kitafanyika ukiumia. Swali la mwisho usilionee haya. Muulize mwajiri waziwazi kama amejisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kama wewe utahesabiwa humo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu aliye chini ya miaka 18 katika kiwanda chenye mazingira ya hatari. Mzazi anayemleta mtoto wa miaka 15 na kuomba awekwe moja kwa moja kwenye mashine aelezwe hivyo kwa upole, na mtoto arudishwe shuleni au apelekwe chuoni kwanza.

Hatua ya nne: jifunze kutoumia

Mashine ya kukereza, ambayo mafundi wengi huiita lethi, haipigi wala hairuki, inavuta. Ikishika uzi mmoja wa mkono wa shati, itavuta shati, kisha mkono. Ndiyo maana glovu hazivaliwi karibu na chuma kinachozunguka, ingawa mgeni hudhani kwamba zinamkinga. Vaa ovaroli inayokubana, mikono imefungwa au imekunjwa juu ya kiwiko. Vua pete, saa na mkufu. Nywele ndefu zifungwe ndani ya kofia. Binti anayevaa hijabu aiingize yote ndani ya ovaroli, na kanga isiletwe kabisa upande wa mashine. Miwani ya kukinga macho huvaliwa tangu unapoingia hadi unapotoka, kwa sababu kipande kitakachokuingia jichoni mara nyingi kinatoka kwenye mashine ya jirani yako.

Kuna kosa moja ninalokuomba uliogope kuliko mengine yote, nalo ni kuacha ufunguo kwenye chaki, yaani ile sehemu yenye taya inayokibana chuma. Mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa bado humo, unatupwa kwa nguvu ya kumpasua mtu kichwa. Jizoeze hivi: mkono ulioshika ufunguo hauuachii mpaka ufunguo uwe umerudi mezani. Mabaki marefu ya chuma yanayotoka kama utepe yaondoe kwa ndoano au brashi baada ya kuizima mashine, kamwe usitumie vidole, kwa maana yanakata kama wembe. Kwenye jiwe la kunolea, nafasi kati ya jiwe na kiegemeo isizidi milimita 3, la sivyo kisu, yaani kile chombo cha kukatia cha mashine unachokinoa, kinaweza kuvutwa ndani na kulivunja jiwe. Na kwa sisi tunaofahamu kukatika kwa umeme: umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya chuma, zima swichi papo hapo, kisha ukirudishe kisu nyuma. Usiiache mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

Hatua ya tano: anza na tupa na jiliwa

Miezi ya kwanza utafanya kazi ya mezani: kubana chuma kwenye jiliwa, kukata kwa msumeno, kuchora alama, kupiga panchi, kutoboa kwa keekee na kupiga tupa. Vijana wengi hukasirika hapa. Zoezi la kale la kupewa kipande cha chuma na kuambiwa ukifanye mchemraba kwa tupa peke yake, pande zote zikikubaliana na guni, yaani kipimo cha pembe mraba, linachukua siku nyingi na linaumiza mabega, lakini ndilo linaloufundisha mkono kuhisi sehemu ya kumi ya milimita. Lifanye kwa moyo wote. Sukuma tupa mbele ukiwa umekaza, na urudipo ulegeze, kwa sababu meno ya tupa hukata upande mmoja tu.

Hatua ya sita: jifunze kupima kabla ya kujifunza kukata

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu kuliko popote, na kama fundi wako anapapita haraka, mwombe mrudi. Kukata kunafanywa na mashine. Kazi ya mkerezaji ni kujua lini aache kukata.

Anza na rula ya chuma, kisha kalipa ya venia, ambayo kwa kawaida husoma hadi milimita 0.02, halafu maikromita, inayosoma milimita 0.01. Elewa kwa nini inasoma hivyo: skrubu iliyo ndani ya maikromita husogea nusu milimita kwa kila mzunguko mmoja, na duara lake lina alama 50, hivyo kila alama moja ni 0.5 gawanya kwa 50, ambayo ni 0.01. Kosa linalowapata wanagenzi wote ni kusahau ile nusu milimita iliyojitokeza kwenye mstari wa chini, wakasoma 12.20 mahali palipo 12.70. Jipe zoezi la kila asubuhi: chukua vipande kumi visivyo na alama, vipime, viandike, kisha mpe fundi avipime bila kuona majibu yako, halafu mlinganishe.

Kabla ya kupima, futa chuma na nyuso za maikromita, funga maikromita uone kama inasoma sifuri, na tumia kile kitufe cha nyuma kinacholia kwa mkwaruzo ili nguvu ya mkono wako iwe moja kila siku. Mtu anayekaza maikromita kama anakaza jiliwa anapima nguvu zake mwenyewe, hapimi chuma.

Kisha kuna joto, ambalo kwetu halina budi kuzingatiwa. Vipimo vya kiwandani duniani kote huhesabiwa kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Chuma cha pua hutanuka takriban milimita 0.0115 kwa kila milimita 1,000 kwa kila nyuzi moja. Chukua shafti yenye kipenyo cha milimita 80 inayotoka kwenye kisu ikiwa na nyuzi 50: imetanuka kama milimita 0.03 kuliko itakavyokuwa ikipoa hadi nyuzi 20. Ukiipima ikiwa ya moto na kuridhika, kesho asubuhi utaikuta imepungua, na beringi inacheza. Karakana zetu zina paa la bati, na mchana joto ndani yake huwa kubwa, kwa hiyo kipimo cha mwisho cha kazi ya usahihi kifanywe chuma kimepoa, na ikiwezekana mapema asubuhi.

Hatua ya saba: mashine ya kukereza

Siku ya kwanza usikate chochote. Izime, uigeuze kwa mkono, ujue kila mpini unasogeza nini, na ujue kuisimamisha bila kuangalia. Siku ya pili jifunze kufunga kisu: kiwe fupi nje ya kishikio, na ncha yake iwe sawasawa na kimo cha kitovu cha chuma. Njia rahisi ya kuhakiki ni kukata uso wa mbele wa kipande hadi katikati. Ikibaki chuchu ndogo kitovuni, kisu kiko juu au chini mno.

Kasi ya kuzungusha isikisiwe. Kwa chuma laini cha kawaida na kisu cha aina ya hai-spidi, uso wa chuma upite mbele ya kisu kwa takriban mita 25 kwa dakika. Hesabu kamili ni kuzidisha kasi hiyo kwa 1,000, kisha kugawanya kwa kipenyo kilichozidishwa kwa 3.14, lakini kwa kasi hii ya mita 25 inatosha kukumbuka 8,000 gawanya kwa kipenyo. Chuma cha milimita 50 kinahitaji mizunguko kama 160 kwa dakika. Cha milimita 20 kinahitaji kama 400. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kiendeshwe polepole zaidi, alumini kwa kasi kubwa zaidi. Kisu kikigeuka buluu, umezidisha.

Nieleze kosa langu mwenyewe ili wewe usilirudie. Mwezi wangu wa tatu nilipewa shafti ya boti ipunguzwe kutoka milimita 36 hadi 35. Nilisogeza mpini kwa milimita 1 kamili, nikakata urefu wote, nikapima na kukuta 34. Duara la mashine ile lilionyesha kina cha kisu, nacho hukata pande zote mbili za kipenyo, wakati mashine niliyokuwa nimezoea ilionyesha kipenyo chenyewe. Mwenye boti alikuwa amengoja siku nne. Fundi wangu hakunigombeza. Alinipa daftari na kuniamuru nizunguke mashine zote za karakana, nikate kipande kidogo kwenye kila moja, na niandike ipi inaonyesha kina na ipi inaonyesha kipenyo. Fanya hivyo katika wiki yako ya kwanza, usingoje kuharibu. Na kila unaporudisha mpini nyuma, rudisha mzunguko mzima kisha usogee mbele tena hadi kwenye alama, kwa maana skrubu iliyolika ina nafasi tupu ambayo itakudanganya.

Jambo jingine ni kukijua chuma chenyewe. Huku kwetu malighafi nyingi ni ekseli za magari na vyuma chakavu, na havina maandishi. Vigusishe kidogo kwenye jiwe la kunolea ukiwa na miwani na utazame cheche. Chuma laini hutoa mistari mirefu yenye vichomozi vichache. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche fupi zinazochanua kwa wingi kama kichaka. Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Ekseli huwa imekazwa kwa moto, na ukiishambulia kama nondo itakula visu vyako vyote.

Hatua ya nane: mikao ya beringi

Sehemu kubwa ya kazi zitakazokuletea riziki ni mahali pa kukaa beringi. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi za kawaida, kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5 unapata tundu lake kwa milimita. Beringi 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha 52 na unene wa 15. Ile ya 6206 ina 30, 62 na 16. Lakini shafti ya beringi 6205 haikerezwi 25 tupu. Kwa mkao wa kawaida wa kukaza kidogo, unaoitwa k6, iwe kati ya 25.002 na 25.015. Nafasi nzima unayopewa ni milimita 0.013, na sasa unaona kwa nini nilikuweka muda mrefu kwenye maikromita.

Shafti iliyolika, ambayo beringi inazunguka juu yake, usiipige panchi ili ivimbe. Desturi hiyo imeenea, nami naipinga kwa nguvu zote, kwa sababu vivimbe vile vinasagika baada ya siku chache na mteja anarudi akiwa amepoteza beringi pia. Ijazwe kwa kuchomelewa kisha ikerezwe upya, au itengenezwe shafti mpya. Mweleze mteja gharama zote mbili kwa ukweli.

Hatua ya tisa: hesi

Ukanda huu una mashine za enzi nyingi, na hesi zake, yaani yale meno ya bolti na nati, zimechanganyika. Hesi za metriki zina pembe ya nyuzi 60 na hupimwa kwa milimita; zile za Whitworth, kutoka Uingereza, zina nyuzi 55 na hupimwa kwa idadi ya meno katika inchi moja, ambayo ni milimita 25.4. Bolti ya M12, yaani ya metriki yenye kipenyo cha milimita 12, ina hatua (umbali kati ya jino moja na linalofuata) ya milimita 1.75, na ile ya Whitworth ya nusu inchi ina meno 12 kwa inchi, yaani hatua ya kama 2.12. Kwa macho zinakaribiana, na mtu mwenye spana ndefu anaweza kuzilazimisha hadi ziharibike zote mbili. Tumia geji ya hesi kila mara. Kwa tundu la metriki, toa hatua kwenye kipenyo upate biti ya kutobolea: M8 hutobolewa 6.8, M10 hutobolewa 8.5, M16 hutobolewa 14.

Hatua ya kumi: daftari na upimaji

Kila jioni andika kazi uliyofanya, aina ya chuma, kasi, kisu, kipimo kilichotakiwa na kipimo ulichopata, pamoja na makosa. Fundi wako atie sahihi kila wiki. Kampuni nyingine hutoa kitabu maalumu cha kumbukumbu za mafunzo. Kama hakuna, daftari la shule la kurasa 200 linatosha, mradi lisilowe mafuta.

Siku ya upimaji wa vitendo utapewa mchoro, kipande cha chuma na muda. Usome mchoro mzima kwanza, uzungushie duara vipimo vyenye kiwango kidogo cha kosa linaloruhusiwa, na upange mpangilio wa kukata ili vipimo hivyo vifanywe bila kukifungua chuma kwenye chaki, kwa kuwa kila ukikifungua na kukifunga upya kitovu chake huhama kidogo. Acha milimita 0.5 kwa ajili ya mkato wa mwisho, noa kisu upya kwa jiwe kabla ya mkato huo, ngoja chuma kipoe, ndipo upime na kumaliza. Nenda na daftari lako, na maikromita uliyoizoea kama utaruhusiwa.